Kisanduku Namba Saba na Mkasi wa Dola

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nalisema mapema, kwa sababu kuna watu wenye tabia ya kusoma habari za nchi isiyokuwepo huku wakichungulia dirishani na kutikisa vichwa. Tafadhali msichungulie. Nchi hiyo haina jina, ila ina bendera ya manjano, wimbo wenye beti kumi na nne, na mkasi.

Mkasi huo ndio kazi yangu. Mimi ni Mtunza Mkasi wa Dola, daraja la pili, na kila mtu, hata mke wangu, huniita Bwana Mkasi. Mkasi wenyewe una uzito wa kilo tatu na nusu, mpini wake umepakwa rangi ya dhahabu, na ukisafiri hukaa kiti cha mbele karibu na dereva, umefungwa mkanda. Mimi hukaa nyuma nikiwa nimepakata mto wake wa mahameli. Sioni ubaya. Kila kitu na cheo chake.

Kwetu, kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Jenga, paka rangi, piga deki. Kama Mheshimiwa hajakata utepe mbele yake, kisheria hakipo, na anayetumia kitu kisichokuwepo ana kesi ya kujibu. Daraja la Mto Kivumo lilikamilika miaka minne iliyopita. Wananchi wanavuka chini yake, maji kiunoni, viatu kichwani, na wakifika katikati huinua macho kulitazama wakasema jamani, limetoka vizuri. Gari jipya la zimamoto la Mji Mkuu liliungua likiwa ndani ya gereji yake. Wazima moto walisimama pembeni wakilia, kwa kuwa mpira wa maji ulikuwa sehemu ya gari, na gari lenyewe lilikuwa bado. Nidhamu kama ile sijaiona tena.

Watu wabaya husema tunachelewa. Hatuchelewi hata kidogo. Tunasubiri kwa utaratibu.

*

Sasa, nyuma ya ofisi ya posta ya Mji Mkuu ilikuwepo karakana ya Shirika la Simu, na ndani ya karakana alikuwemo mhandisi mmoja mwanamke aitwaye Nambua Mbaga. Kazi yake ilikuwa kubuni vifaa vya mtandao ili kampuni za simu zivinunue kwake badala ya kuviagiza ng'ambo.

Kampuni zetu za simu ni tatu, na zote tatu zilikuwa na shida moja. Mtandao hupita kwenye mkonga, na ndani ya mkonga kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo hubeba mwanga. Kila greda la Wizara ya Barabara lilipochimba mtaro, lilikata mkonga. Mkonga ukikatika, sharti kumngoja mtaalamu kutoka nje aje na mashine yake ya kuunganishia. Mtaalamu naye alikuwa akingoja viza, na viza kwetu hutolewa kwa mtandao.

Nambua akajiuliza aibu hii itaisha lini. Akaamua kutengeneza kisanduku ambacho fundi yeyote angeweza kukitumia: ingiza ncha moja ya uzi huku, nyingine kule, bana kifuniko, na humo ndani ncha zinakutana zenyewe, mwanga unapita. Dakika tatu. Kisanduku cha kwanza kiliyeyuka juani. Cha pili kililiwa na mchwa. Cha tatu Mkurugenzi wa Shirika alikwenda nacho nyumbani kukifanyia tathmini, akarudi na ripoti kwamba wali unakaa na moto mpaka saa tisa alasiri. Cha nne, cha tano na cha sita nitavisitiri. Cha saba kilifanya kazi.

Wahandisi wa kampuni zote tatu walikuja kukiona. Walikata uzi wakabana, wakakata tena wakabana tena, watu wazima na ndevu zao wakicheka na kunyang'anyana.

"Mama, wewe tengeneza tu," akasema mmoja. "Sisi tutachukua vyote."

"Hata vikiwa elfu?"

"Hata elfu kumi. Kimeshazinduliwa, sivyo?"

"Bado."

Yule bwana akakirudisha mezani taratibu, akatoa leso, akakifuta mahali alipokuwa amekishika.

*

Nambua alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na jina. Kwao ni Kilelema, milimani, ambako kuna hospitali yenye mashine nzuri ya kupiga picha za kifua, lakini haina daktari wa kuzisoma. Daktari bingwa yuko Mji Mkuu, na simu huko milimani hazishiki. Kwa hiyo picha husafiri kwa lori la kabichi, Jumanne na Ijumaa, na majibu hurudi na lori hilohilo juu ya magunia matupu. Anayezipakia ni muuguzi mkuu wa hospitali, Sista Namkunda, dada yake Nambua kwa baba na mama.

Mwaka uliopita Sista Namkunda alipakia picha ya mtoto wa miaka sita aitwaye Nakiete. Alikuwa na kikohozi, na alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye ngazi za wodi akihesabu kabichi zinavyorushwa garini. Majibu yalirudi siku ya tisa. Yalisema ugonjwa unatibika, aanzishiwe dawa leo. Nakiete walikuwa wamemzika siku ya sita.

Habari hiyo nilielezwa na Nambua mwenyewe, siku niliyokwenda karakana kukagua mahali pa kuwekea mto. Niliumia, siwafichi. Nina wajukuu.

"Bwana Mkasi," akaniambia, "mkonga nimeufikisha mpaka mlangoni kwa dada yangu. Visanduku kumi na kimoja njia nzima. Jumapili moja niliujaribu nusu saa, unapita vizuri kabisa. Nimeuzima kwa ajili ya sheria yenu. Mheshimiwa anakuja lini?"

"Ratiba imebana, Bibi Mhandisi. Wiki hii anazindua mapipa ya taka. Wiki ijayo anazindua taka."

Hakucheka. Nami sikuwa nimetania.

*

Mheshimiwa ninayemtaja ni Mheshimiwa Ngurumbi, Waziri wa Mawasiliano na Uzinduzi, mtu mwema mwenye kifua kipana kwa ajili ya nishani. Anayemwongoza wapi aweke mguu ni Bwana Kizengo, Mkuu wa Itifaki, ambaye amehifadhi moyoni Kitabu cha Kanuni za Uzinduzi, kanuni zote kumi na sita. Inasemekana hajawahi kuulizwa kanuni akasema hajui. Angekubali kung'olewa jino kwanza.

Baada ya miezi mitano, tarehe ya Kilelema ilipatikana. Ikabaki kununua utepe. Kamati ya Zabuni ya Utepe ilikaa siku kumi na mbili ikijadili kama manjano ya bendera yetu ni ya ndizi mbivu au ya kiini cha yai. Mpaka msafara unaondoka, upande wa ndizi ulikuwa umesusia kikao, na upande wa yai ulikuwa umekwenda nchi za nje kujifunza.

Tukaondoka bila utepe. Bwana Kizengo aliniambia nisiwe na wasiwasi, serikali haiwezi kukosa utepe.

*

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Uwanja wa hospitali ulikuwa umefagiliwa mpaka kuku wakakosa cha kudonoa. Hemani paliwekwa runinga kubwa, na ndani yake, mubashara kutoka Mji Mkuu, alionekana daktari bingwa ameketi na koti jeupe, kwa kuwa Nambua alikuwa amepewa kibali cha kuwasha mtandao kwa majaribio. Uzi wa mwisho, ule wa kutoka langoni, mkonga ulipoishia, kwenda dirisha la chumba cha picha na kuilisha pia runinga ya hemani, aliupitisha katikati ya uwanja juu ya nguzo mbili, usawa wa kifua, watu wasije wakaukanyaga. Nyuzi za aina ile hutoka kiwandani zimevishwa ganda la manjano. Mimi nisingeweza kulijua hilo.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi wa Kilelema! Tangu kuumbwa kwa dunia, mwanga umekuwa ukizurura angani bila kibali!"

Makofi.

"Ulikuwa unaingia nyumba za watu bila hodi! Unaingia hata kwa maskini! Serikali yenu ikasema, hapana! Tumeukamata, tumeuingiza kwenye waya! Kuanzia leo, mwanga utakwenda pale tunapoutuma, utarudi pale tunapouita, na ukichelewa utaandika barua ya kujieleza!"

Makofi, vigelegele, na bendi ya polisi.

Wakati huo, ndani, Nambua na dada yake walikuwa wakituma picha ya kwanza. Ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka minne, Veronika. Alikuwa na kikohozi. Alikuwa mdogo wake Nakiete, tumbo moja. Mama yao alisimama karibu na hema, kanga ameing'ata meno, akimtazama daktari kwenye runinga kama anayetazama mlango uliofungwa.

Daktari akaivuta picha karibu. Akasema, "Naona doa upande wa kushoto, chini. Sista, usingoje. Mpeni dawa ya..."

Hapo ndipo Bwana Kizengo aliponinong'oneza sikioni, "Bwana Mkasi, utepe! Utepe uko wapi?"

Nikageuka, nikauona. Manjano safi, umenyooka baina ya nguzo mbili, usawa wa kifua kabisa. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi. Nikamshika Mheshimiwa kiwiko, nikampeleka, nikainamisha mto.

"Mbona mwembamba hivi?" akauliza.

"Kubana matumizi, Mheshimiwa."

"Safi sana."

Mkasi ukalia kwacha. Runinga ikawa nyeusi. Watu wakapiga makofi, maana sheria inasema mkasi ukilia watu wapige makofi.

*

Nambua alitoka mbio, koti la kazi linapepea.

"Nani amekata mtandao?"

"Chunga ulimi, Bibi Mhandisi," akasema Bwana Kizengo. "Mheshimiwa hakati mtandao. Mheshimiwa ameuzindua."

"Haya, ameuzindua. Nipisheni niuunganishe, ni dakika tatu."

"Uunganishe nini?"

"Huo uzi!"

Bwana Kizengo akajishika moyo. "Kanuni ya Tisa! Utepe uliokatwa na Mheshimiwa haurudishwi kuwa mzima, iwe kwa kushona, kufunga, kugundisha wala namna nyingine yoyote, kwani kufanya hivyo ni kuutengua uzinduzi. Kuna fundi cherehani wa mkoa wa kusini aliokota vipande viwili akamshonea bintiye kilemba. Mpaka leo anashona sare za magereza, naye kavaa mojawapo."

"Basi nitandike uzi mwingine."

"Uzi mwingine ni mradi mwingine. Mradi mwingine ni uzinduzi mwingine. Nafasi ya karibu ya Mheshimiwa ni mwakani, mwezi wa nane."

Sista Namkunda alikuwa amefika mlangoni. "Amesema dawa ya nini?" akauliza. "Nambua, umesikia? Dawa ya nini? Kabatini nina dawa tano, na mbili kati ya hizo si za kubahatisha kwa mtoto."

Hakuna aliyekuwa amesikia.

"Basi leteni bahasha. Lori la kabichi liko wapi?"

"Limerudishwa kutoka bondeni, Sista," akasema askari mmoja kwa unyenyekevu. "Kupisha msafara."

Ilikuwa Ijumaa. Lori lingepita tena Jumanne. Sista Namkunda, mwanamke wa miaka thelathini kazini, akaketi kwenye ngazi za wodi mbele ya Waziri na bendi, akasema kwa sauti ndogo, "Nambua, mdogo wangu, mimi siwezi tena. Siwezi kwenda kumwambia yule mama angoje Jumanne mara ya pili."

Nilitazama mkasi juu ya mto. Niliona haya. Sikujua kabla ya siku ile kwamba mtu anaweza kukionea haya chombo chake cha kazi.

*

Nambua alimtazama dada yake pale kwenye ngazi. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa mpole mpaka nikaogopa. Akamwendea Bwana Kizengo, akapiga goti kidogo.

"Bwana Mkuu, nimekosa, nisamehe. Nimeingiwa na jazba. Ila nina hofu moja, nikiinyamazia nitalala nayo."

"Sema, mama."

"Hizi ncha mbili, zilizoguswa na mkasi kwa mkono wa Mheshimiwa mwenyewe. Tunaziacha zining'inie hivi? Na mvua za huku? Na hawa kuku?"

Bwana Kizengo akawatazama kuku. Kuku nao walikuwa wameshaanza kuzitazama zile ncha.

"Kwa kawaida huenda Makumbusho," akasema, bila uhakika.

"Lakini hapa ndipo mkono uliposhuka, Bwana Mkuu. Wajukuu wa Kilelema wakiuliza, tutawaonyesha nini? Nguzo?" Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa Kisanduku Namba Saba. "Mimi nina chombo kidogo cha kuhifadhia. Maji hayaingii. Mchwa hawaingii. Ncha moja inalala huku, nyingine kule, zinatulia kwa heshima zake. Hakuna kushona, hakuna kugundisha."

Mheshimiwa, ambaye alikuwa akingoja soda, akasogea. "Hapo juu panabandikika picha?"

"Kifuniko ni kipana, Mheshimiwa."

"Ya nishani zote?"

"Zote."

Bwana Kizengo akavuta pumzi, akatangaza kwamba chombo kile kuanzia sasa ni Sanduku la Heshima, na kwamba kuliingiza kwenye matumizi hakuhitaji utepe, kwa kuwa ndani yake tayari mna utepe. Bendi ikapiga beti mbili za wimbo. Nambua akaingiza ncha moja huku, nyingine kule. Akabana kifuniko. Bwana Kizengo akatia kufuli, akapiga lakiri, ufunguo akanivisha mimi shingoni.

Hemani, daktari bingwa alikuwa akiitikisa mashine yake. "Haloo? Haloo? Mnanipata?"

Uwanja mzima ukageuka.

"Tunakupata!" akapiga kelele Sista Namkunda, yuko wima. "Dawa ya nini, daktari?"

Akaitaja. Akataja na kipimo chake, akakirudia mara mbili. Sista alikimbia na kofia yake ikamwanguka mlangoni, hakuigeukia. Mama wa Veronika alikuwa amekaa chini, analia, anacheka. Sindano ya kwanza ilidungwa kabla soda ya Mheshimiwa haijafunguliwa.

Mheshimiwa aliitazama runinga, akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma.

"Mmeona?" akasema. "Kabla sijakata, haukuwa umezinduliwa. Nimekata, unawaka!"

Tukapiga makofi. Nambua alipiga kuliko wote.

*

Baada ya hapo Wizara ilitoa waraka kwamba popote mkonga unapokatika katika ardhi ya nchi, iwe kwa greda, jembe au panya, ncha zake zihifadhiwe mara moja ndani ya Sanduku la Heshima, kwa kuwa haijulikani ni ukataji upi wenye baraka. Kampuni tatu za simu zilipokea waraka huo kwa huzuni kubwa, zikaagiza masanduku elfu sita. Karakana ya nyuma ya posta ikaongezewa vyumba, na vyumba hivyo bado havijazinduliwa, kwa hiyo mafundi huvipitia dirishani. Mitandao inayokatika hupona kabla ya chakula cha mchana. Wachambuzi wa redio wanasema ni uongozi bora.

Mwaka ulipotimia, Mheshimiwa alirudi Kilelema na wageni kutoka nchi nyingine, ambayo nayo haipo. Alitaka kuwaonyesha. Akasimama mbele ya sanduku lenye picha yake, akanyoosha kiganja.

"Bwana Mkasi, ufunguo. Fungua wazione ncha zangu mbili."

Dirishani nilimwona Sista Namkunda akituma picha. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanne, wengine na watoto mgongoni. Nambua alikuwa amesimama kando, rangi imemtoka. Ndani ya sanduku lile hapakuwa na ncha mbili. Palikuwa na uzi mmoja mzima, Kanuni ya Tisa imevunjwa mwaka mzima, na adhabu yake mnaijua.

Miaka ishirini na tatu nimetunza mkasi, sijawahi kusema uongo kazini.

"Mheshimiwa," nikasema, "Kanuni ya Kumi na Saba inakataza."

"Inasemaje?"

"Heshima ikishafunikwa haifunuliwi, hata na mwenyewe."

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Kizengo. Kitabu kina kanuni kumi na sita. Bwana Kizengo anazijua zote kumi na sita kwa moyo, na alinitazama kwa muda mrefu, jasho likimtoka kwenye kipara. Kisha akaitafuta sauti yake ya kazini, akaipata.

"Ndivyo, Mheshimiwa," akasema. "Kifungu kidogo cha (b)."

Wageni wakaandika kwenye madaftari yao.

Tulipokuwa tunaondoka, Veronika alikuwa kwenye ngazi za wodi, mnene wa mashavu, akihesabu kabichi zinazorushwa garini. Alikuwa amefika arobaini na moja. Nilimwambia ameruka moja, akaniambia nisimchanganye, akaanza upya.

Kurudi ofisini nikafunga mlango, nikakitoa Kitabu, nikaandika Kanuni ya Kumi na Saba kwa mkono wangu. Kifungu (b) kilikuwa kimeshasemwa na wakubwa. Ila kanuni haiwezi kuanzia (b), watu wangeshtuka. Nikafikiri kidogo, nikaandika juu yake: (a) Kabichi zitasafiri kwa lori, picha za wagonjwa hazitasafiri kwa lori.

Kifungu hicho bado hakijazinduliwa, lakini kinatumika.